Kumlaza Mgeni na Kumvumilia Mgeni

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, katika shule moja ya Mashimoni, Kibera, aliandika katika insha yake ya Kiingereza sentensi hii: "We put up with my uncle for two weeks." Alikusudia kusema kwamba mjomba wake, baada ya nyumba yake kubomolewa, alipokewa kwao akapewa mahali pa kulala kwa majuma mawili. Lakini alichokisema kilikuwa kitu kingine. Alisema kwamba yeye na jamaa yake walimvumilia mjomba kwa majuma mawili, kama mtu avumiliavyo moshi wa jirani au jino bovu. Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "with", nikamrudishia daftari lake.

Nakuomba, msomaji wangu, tusimame kidogo mbele ya mstari ule mwekundu. Neno lililokosewa ni dogo, lina herufi nne tu, na msichana yule angeweza kulifuta kwa pigo moja la kalamu akaendelea na masomo yake. Walakini kwa herufi zile nne mjomba aliacha kuwa mgeni akawa mzigo. Lugha iwezayo kumgeuza mtu hivyo kwa herufi nne yastahili kutazamwa kwa makini, na sisi tunaosomeshwa kwayo tangu utotoni hatuna udhuru wa kuitazama juu juu.

Kiingereza kina vitenzi vingi vya namna hii. Hutwaa kitenzi kifupi kinachojulikana na kila mtoto, kama "put", "take", "get" au "look", kisha hukifungia nyuma neno dogo kama "up", "off", "in" au "after"; na mara huzaliwa maana mpya ambayo haimo katika neno la kwanza wala katika neno la pili. "Look" ni kutazama, na "after" ni baada au nyuma, lakini "look after" si kutazama baada ya kitu, ni kutunza. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mjini London mwaka 1755, alikiri katika dibaji kwamba jambo hili ndilo liwapalo wageni taabu kubwa kabisa, akasema kwamba kwa sababu hiyo amelishughulikia kwa uangalifu mwingi. Jina la "phrasal verb" lilikuja baadaye sana: Logan Pearsall Smith alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1925, baada ya kulipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Mimi hapa nitaviita vitenzi vya maneno mawili, ingawa, kama utakavyoona, vingine vina maneno matatu.

Usidhani kwamba ni Waingereza peke yao wawatesao wageni hivi. Mgeni ajifunzaye Kiswahili huambiwa kwamba mwisho wa "-ana" ni wa watu kutendana: kupiga, kupigana, kupenda, kupendana. Basi akikutana na "kupatana" hufikiri kwamba ni watu wawili kila mmoja amempata mwenzake. Kumbe ni kuafikiana, na sokoni ni kushindania bei hata muuzaji na mnunuzi wakubaliane. Hakuna kanuni iliyomwonya. Tofauti ya lugha hizi mbili ni kwamba Mwingereza huweka badiliko nyuma ya kitenzi, kwa neno lililojitenga, nasi hulishona mwishoni mwa kitenzi chenyewe. Tena ushonaji huu hauishii katika vitenzi. Jina la Mashimoni limeshonwa vivyo hivyo: mashimo, kisha ile "-ni" ya mahali, na mtu asiyejua Kiswahili huliona ni jina tupu, hali kwetu ni maelezo kamili.

Sasa tukichukue kitenzi "put up" tukatembee nacho hapa Mashimoni. Sina haja ya kutafuta mifano katika vitabu vya ng'ambo, vyenye bustani na mioto ya kuotea wakati wa theluji, maana mifano yote imo katika vijia hivi.

Mtu akisimamisha vyumba vyake vya udongo na mabati, Mwingereza husema "he put up some rooms". Kwa Kiswahili twasema amejenga, au amesimamisha vyumba. Lakini angalia ladha ya neno. Kiingereza kina pia neno "build", na hayo mawili hayalingani sawasawa. "Put up" hupenda vitu visimamavyo upesi: uzio, kibanda, hema, ukuta wa kugawa chumba. Kanisa kubwa la mawe lililochukua miaka thelathini halikai vizuri na neno hili. Nasi kwa hema twasema "kupiga hema", wala hapana aliyewahi kuiumiza hema kwa kuipiga. Kwa hiyo tusimcheke Mwingereza.

Mtu akibandika tangazo mlangoni au katika nguzo ya umeme, "he put up a notice". Hapa ndipo pa kutazama mpangilio wa maneno. Waweza kusema "put up a notice", na waweza kusema "put a notice up", ukalitia tangazo katikati kama nyama ndani ya mkate. Lakini ukilitaja tangazo kwa kiwakilishi, hapana budi kiingie katikati: "put it up". Ukisema "put up it", kila sikio la Kiingereza litashtuka. Wanafunzi wangu huona kanuni hii haina sababu. Nami sina sababu ya kuwapa, ila ni desturi ya lugha, na desturi ya lugha haitoi hoja.

Mwenye nyumba akiongeza kodi, "he put up the rent". Hapa lugha mbili zakutana kwa furaha, ingawa mpangaji hana furaha, kwa kuwa nasi twasema amepandisha kodi. Kwao bei huenda juu na kwetu bei hupanda. Mwanafunzi akiinua mkono darasani, ameu-"put up". Watu wakikataa kuondolewa mahali wakapigana kabla ya kushindwa, "they put up a fight". Nitaipita hii ya mwisho upesi, maana Kiswahili hakina neno moja la kuilipa, na kila tafsiri niliyoijaribu ilikuwa kubwa mno au ndogo mno.

Kisha yuko mgeni. Ndugu akija kutoka shamba, au rafiki aliyepotewa na makao, ukampa nafasi ya kulala, "you put him up". Twaweza kusema kwa Kiswahili kwamba tulimlaza, lakini hapa jijini neno hilo lina hatari yake: msikilizaji akiambiwa "mjomba alilazwa", atauliza amelazwa hospitali gani. Kwa hiyo napendelea kusema tulimpa malazi, au, kwa wepesi zaidi, alilala kwetu.

Waona, basi, kwamba Mwingereza angeweza kusimulia maisha mazima ya mpangaji wa Mashimoni kwa kitenzi hiki kimoja. Chumba kimesimamishwa, tangazo limebandikwa, kodi imepandishwa, na mgeni amepewa malazi. Pote ni "put up". Sisi hutumia vitenzi vinne au vitano, kila kimoja na kazi yake. Sisemi kwamba utajiri huu wetu ni sifa, wala kwamba uchache wao ni kasoro. Nasema tu kwamba mwanafunzi anayetafuta neno moja la Kiswahili la kulifunika neno hili moja la Kiingereza anatafuta shuka ya kitanda kisichokuwapo.

Yote haya ni mepesi kwa kulinganisha na yanayotokea neno la tatu linapoongezwa. "Put up" ikiongezwa "with" huacha kabisa habari za kuinua, kubandika na kusimamisha. Haitenganishwi tena: ni "put up with it", maneno yote matatu bega kwa bega, na hakuna kitu kiingiacho kati yao. Na maana yake ni kukaa na jambo usilolipenda pasipo kuliondoa. "Put him up" ni kumfungulia mtu mlango. "Put up with him" ni kutamani kumfungulia mlango aende zake.

Kuna methali yetu isimamayo mpakani hasa pa maneno hayo mawili, nami sijaona kitabu cha sarufi kilichoueleza mpaka huo vizuri zaidi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza ni "put up". Siku ya tatu, kama jembe halikutolewa, "with" huanza kubisha hodi. Lakini methali hiyo ilitungwa na watu wenye mashamba. Mashimoni hapana shamba, na mgeni asiye na kazi hana jembe la kupewa. Hukaa kitandani, au juu ya ndoo iliyofunikwa, akijua kwamba siku ya tatu imefika, na wenyeji wake wakijua kwamba ajua.

Mjomba wa yule mwanafunzi hakuja kutembea. Tarehe 23 Julai mwaka 2018 matingatinga yalianza kubomoa nyumba katika Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata. Maelfu ya watu walipoteza makao, na Mashimoni ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoguswa. Msichana wangu alikuwa mtoto wa miaka tisa. Nilipowapa darasa kichwa cha insha kinachojulikana na kila shule, siku nisiyoweza kuisahau, wenzake kadhaa waliandika juu ya harusi na safari za kwenda kwa nyanya. Yeye akaandika juu ya mjomba aliyekuja jioni amebeba mlango wa mabati kichwani, kwa kuwa mlango ndio kitu alichoweza kuokoa. Insha ilikuwa nzuri. Katika ukurasa wa pili ndipo nilipokuta ile "with".

Alikosea kwa sababu gani? Kwa sababu alikuwa amesoma kwa bidii. Katika mtihani wa kidato cha nne wa KCSE, ulioanza kufanywa mwaka 1989, karatasi ya pili ya Kiingereza ina sehemu ya sarufi, na mara nyingi mtahiniwa hutakiwa kuondoa neno lililopigiwa mstari na kuweka mahali pake kitenzi cha maneno mawili. Kwa ajili hiyo walimu hutoa orodha, nami hutoa pia: "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima, "put up with" ni kuvumilia. Wanafunzi huzikariri kama jedwali la kuzidisha. Silaumu kukariri; yule asiyekumbuka kitu hana cha kufikiria. Ninalolilaumu ni ile alama ya usawa tunayoiweka katikati, kana kwamba maneno ni hesabu. Orodha husema "put up with" ni sawa na "tolerate". Kwa alama za mtihani yatosha. Lakini "tolerate" ni neno la mikutano na sheria, limevaa tai. "Put up with" ni neno la jikoni, limevaa kanga. Anayeyajua yote mawili kwa alama ya usawa tu atavaa tai jikoni na kanga mkutanoni.

Tena orodha huzaa wana ambao haikuwakusudia. Katika madaftari ya Kenya utakuta mara nyingi "cope up with". Waingereza husema "cope with", bila "up". Nadhani "put up with" ndiyo iliyoambukiza: maana zakaribiana, sauti zakaribiana, basi mwanafunzi akamwazima jirani "up" yake. Na kwa upande wa pili, "up" huangushwa pale inapotakiwa, mtu akisema kwamba alipiga simu lakini mwenzake "did not pick". Kosa la namna hii halitoki katika ujinga. Latoka katika akili inayotafuta utaratibu mahali pasipo na utaratibu, na mwalimu asahihishaye bila kuona utaratibu ule uliotafutwa amesahihisha nusu ya kazi. Miaka yangu ya mwanzo nilisahihisha nusu tu.

Yaliyonifunua macho zaidi, hata hivyo, hayakutokea katika insha. Karibu na shule yetu palikuwa na mtaro wazi wa maji machafu. Wanafunzi wa darasa lile lile waliandika barua kwa Kiingereza ya kupeleka katika ofisi moja, na barua ikaanza hivi: "We have put up with this drain for three years." Sentensi hiyo haina kosa. Ni Kiingereza safi, tena cha adabu, na kina hasira iliyofungwa vifungo. Kabla ya kuipeleka tuliona vema isomwe kwa Kiswahili katika baraza la wazazi, wapate kuiunga mkono. Mvulana mmoja aliyekuwa hodari wa lugha zote mbili akaitafsiri usiku, na asubuhi akasimama mbele ya wazee akasoma: "Tumeuvumilia mtaro huu kwa miaka mitatu."

Mzee mmoja wa mbele alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hongereni, wajukuu wangu," akasema. "Mvumilivu hula mbivu." Watu wakapiga makofi. Kisha mwenyekiti akaendelea na jambo la pili, nalo lilikuwa fedha za chakula cha mchana. Mvulana alikaa chini na barua mkononi. Alikuwa amekuja kushtaki, akapongezwa.

Nataka ulitazame jambo hili vizuri, kwa maana hakuna aliyekosea. Mvulana hakukosea; ukifungua kamusi, "vumilia" ndilo neno utakaloelekezwa. Mzee hakukosea, alilijibu neno alilolisikia kama Mswahili mwema anavyotakiwa kulijibu. Kilichotokea ni kwamba lalamiko liliondoka katika Kiingereza likafika katika Kiswahili likiwa wema. Kuvumilia, kwetu, ni neno la sifa. Ndilo biarusi analousiwa, ndilo mwanafunzi anayeshindwa hesabu anaambiwa, ndilo lisemwalo makaburini na mimbarini. Lina thawabu yake iliyokwisha kutajwa: mvumilivu atakula mbivu. "Subiri" nalo ni hivyo hivyo, kwa kuwa subira huvuta heri. Ukisema umesubiri, wasikilizaji wako wameanza kuiona heri ikija njiani, wala hapana haja ya wao kufanya lolote ila kukutakia kheri.

"Put up with" haina mbivu. Haina heri njiani. Hakuna Mwingereza atakayeandika juu ya kaburi la mama yake kwamba alikuwa hodari wa ku-"put up with". Huko ataandika "patience". Wala hatasema kwamba mashahidi wa dini wali-"put up with" moto, ila akitaka kuchekesha. Maneno haya matatu husema kwamba jambo lipo, kwamba halikupaswa kuwapo, na kwamba msemaji hakulikubali hata kidogo ingawa amekaa nalo. Yeye anahesabu siku. Ndiyo maana mara nyingi hufuatana na muda: majuma mawili, miaka mitatu.

Ningeweza kukuelekeza kwa "stahimili", nalo ni jirani wa karibu zaidi. Asili yake ni Kiarabu, katika shina moja na hamali na himila, na bado lanukia mzigo begani. Lakini hata hilo limeelekea upande wa nguvu. Twasema ukuta wastahimili mvua na gari lastahimili njia mbaya, na huo ni usifu wa mwenye kutengeneza. Mtu akijisema kwamba amestahimili, nusu ya sikio lako humwona shujaa.

Wako wageni waingiao Kibera na picha zao na madaftari yao, wakitoka husema kwamba watu wa hapa ni wavumilivu ajabu. Hawana nia mbaya. Lakini wasifiwa wengi wamewahi kuniambia kwamba wangependa kuulizwa kwanza kama kuvumilia huko walikuchagua.

Baada ya baraza lile tulirudi darasani na sentensi moja ubaoni, tukakaa nayo vipindi viwili. Mmoja alipendekeza "Tumenyamazia mtaro huu", tukamwambia kwamba huko ni kujitia lawama. Mimi nilipendekeza "Tumelazimika kuishi na mtaro huu", kwa kuwa kulazimika kunalitoa lile jambo katika hiari na kuliondolea utukufu. Naona hata leo kwamba hiyo ndiyo tafsiri iliyo karibu kuliko zote. Lakini yule msichana mwenye mjomba alisimama akasema inatakiwa "Tumechoka na mtaro huu". Nilimweleza kwamba Kiingereza hakikusema kuchoka. Kimesimama hatua moja kabla ya kuchoka, na mfasiri hana ruhusa ya kuipiga hatua hiyo kwa niaba ya mwandishi. Tafsiri, nikamwambia, si hotuba.

"Ni kweli, Mwalimu," akajibu, "lakini barua nayo si zoezi."

Sikuwa na jibu. Mwandishi ambaye haki yake nilikuwa nikiitetea alikuwa yeye mwenyewe na wenzake. Barua ikasomwa upya katika baraza lililofuata: "Miaka mitatu tumelazimika kuishi na mtaro huu, nasi tumechoka." Safari hii hapana aliyepiga makofi. Palikuwa na kimya, kisha mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza barua hiyo yapelekwa kwa nani, na ni nani atakayeipeleka.

Sasa nirudi kwenye daftari na mstari wangu mwekundu. Siku chache baadaye msichana aliniletea masahihisho. Nilitazamia kuona "with" imeondolewa, na kweli imeondolewa. Lakini chini yake alikuwa ameongeza sentensi ambayo sikumwomba. Aliandika: "We put up my uncle for two weeks. In the second week we put up with him, and he put up with us."

Nikamwuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Akasema ndivyo. Chumba chao kilikuwa cha futi 10 kwa 10, nao walikuwa sita, mjomba akawa wa saba. Juma la kwanza kila mtu alimpisha. Juma la pili alikoroma, akatumia maji ya kuogea ya watoto, na mlango wake wa mabati ulioegemezwa ukutani ukawa waanguka usiku na kuwaamsha wote. Yeye naye alikuwa akiamshwa saa kumi na watoto waliojiandaa kwa shule, na akila chakula kisicho na chumvi kwa sababu ya ugonjwa wa nyanya. Kisha akapata chumba Kawangware, akaondoka na mlango wake, na hata leo huja Jumapili na mkate.

Nilimtaka aifasiri sentensi ile ya mwisho kwa Kiswahili, nikidhani kwamba nimemtega: "with him" na "with us", kuvumilia kwa kwenda na kuvumilia kwa kurudi, bila sifa na bila mbivu. Alifikiri kidogo akiwa amesimama mbele ya meza yangu. Kisha akaandika pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya risasi, kwamba walimpa mjomba malazi majuma mawili, na katika juma la pili walichukuliana.

Neno moja. Kiingereza kilihitaji vishazi viwili, na Kiswahili kikayashona yote mwishoni mwa "chukua": mzigo umo, wabebaji ni wa pande zote mbili, na hapana aliyepewa nishani. Mimi, mwalimu wake, sikuwa nimelifikiri. Niliweka alama ya vema kando ya neno lile kwa wino mwekundu, nikamwomba aniachie daftari mpaka kesho yake ili niwasomee kidato cha nne.